TABLO ILIYOPOTEA
Ndoto haisemi kile mtu alikataa kusema



Vijana wetu wanapenda roman. Kitabu kimoja kinapita katika mikono ya watu kumi, mpaka karatasi zinaanza kutoka, na mwenye kukipoteza anapashwa kulipa. Kati ya roman hizo kuna namna moja inayopendwa sana, pengine wewe pia umeisha kuisoma. Msichana mmoja anaota ndoto ile ile kila usiku. Anaona tablo ya zamani, ya miaka 500, na ndani ya tablo kuna sura ya mtu anayemwangalia. Anaamuka na machozi. Kiisha anakutana na kijana asiyemjua, kumbe ule kijana anatafuta tablo ile ile, iliyoibwa zamani. Wanapendana. Wanatafuta pamoja, watu wabaya wanawakimbiza, na mwisho ndoto inawaonyesha ukuta. Wanavunja ukuta: tablo iko mule. Ndoa inafungwa, kitabu kimekwisha.

Nyuma ya mafundisho ya vijana, mmoja wao alikuja na kitabu cha namna hii chini ya mkono, akauliza: «Mwalimu, hii mambo iko ya kweli, ao ni ya kutunga tu?»

Jibu ni hili. Hadithi ya ndani ya kitabu chake ni ya kutunga. Lakini kuna ingine iliyofanyika kweli, na leo tunataka kukuelezea ile. Tablo iko ya kweli, wizi uko wa kweli, mapendo ni ya kweli, na ndoto pia haikosi. Ni mwisho tu njo haufanani na mwisho wa roman. Na kwa sababu ya mwisho ule, hadithi hii inatugusa sisi wazazi kuliko hata vijana.

BIBI NA BWANA BILA MTOTO

Twende mpaka mji wa Gent, kule Ubelgiji, miaka 600 nyuma. Ni wakati ule watu wa Ulaya wanaoita Renaissance, ni kusema kuzaliwa upya kwa ufundi na elimu. Pale Gent kulikuwa bwana mmoja tajiri, mmoja wa wakubwa wa mji, jina lake Joos Vijd. Bibi yake aliitwa Elisabeth Borluut, naye wa jamaa kubwa. Walikuwa na nyumba, mashamba na heshima. Mtoto hawakupata.

Msomaji, wewe unajua neno hili lina uzito gani. Kwetu, nyumba bila mtoto inasemwa katika kila matanga na kila arusi. Shangazi wanaanza kuuliza, kaka wanaanza kumwonyesha bwana mwanamuke mwingine. Kule Gent pia tajiri bila mriti lilikuwa jambo zito. Nani atabeba jina? Nani atatuombea tukiisha kufa?

Joos na Elisabeth walibaki pamoja. Na feza zao walizitumia kwa kazi moja: waliagiza tablo kubwa kwa altare ya kapela yao, katika kanisa la Mtakatifu Yoane, ambalo leo ni kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Mwaka 1435 waliweka tena mali ili misa isomwe kila siku katika kapela ile, kwa ajili ya roho zao na za wazee wao. Joos alikufa mwaka 1439, Elisabeth alimfuata mwaka 1443.

Sura zao ziko pale mpaka leo. Tablo ile ina milango, inafungwa na kufunguliwa sawa kabati. Ukiifunga, upande wa inje, chini, unawaona wawili wale wamepiga magoti, bwana upande wa kushoto, bibi upande wa kuume, mikono imeunganishwa. Mchoraji hakuwapamba: bwana ana upara na vichunjua usoni, bibi amezeeka. Ni watu wawili tu mbele ya Mungu. Vijana, mnaotafuta mapendo katika roman, angalieni pale kwanza. Mapendo yao yako kwenye mlango, fasi kila mtu anaona.

KAZI YA NDUGU WAWILI

Sisi wa Katanga tunajua tablo. Katika miaka ya 1970, nyumba mingi za cité na za kampi zilikuwa na tablo saloni: Mamba Muntu na nyoka yake, ao ile ya Colonie Belge na mfungwa anayepigwa fimbo. Baba alikuwa anaionyesha wageni na kueleza hadithi yake. Hata tablo ya Gent ni ya kueleza namna ile, lakini ukubwa wake ni wa kushangaza: ikiwa wazi ina upana wa zaidi ya metre 4, na urefu wa karibu metre 3 na nusu. Ni mbao 12 za mti mgumu, zilizopakwa rangi ya mafuta.

Aliyeianza ni Hubert van Eyck. Alikufa mwaka 1426, kazi haijakwisha. Ndugu yake Jan aliichukua na kuimaliza mwaka 1432. Maandiko yaliyo juu ya tablo yenyewe yanataja ndugu wote wawili, na Joos Vijd aliyelipa.

Ukifungua milango, katikati unaona Mwana-Kondoo amesimama juu ya altare, damu yake inatiririka ndani ya kalisi. Mbele yake kuna chemchemi ya uzima. Watu wanakuja toka pande zote: mitume, manabii, wafia dini, maaskofu, mabikira. Kuume wanakuja wakaa-pekee wa jangwani na wasafiri wa miguu. Kushoto wanakuja waaskari wa Kristu juu ya farasi, na mwisho kabisa wa upande ule kuna ubao mmoja mwembamba, wenye watu wengine juu ya farasi. Wale njo Waamuzi wa Haki. Ni mazuzi waliokata maneno bila kula rushwa, nao pia wanakwenda kumwona Mwana-Kondoo.

Kumbuka ubao ule, msomaji. Urefu wake ni karibu metre 1 na nusu, upana karibu nusu metre. Mtu mmoja anaweza kuubeba, akiwa na mwenzake wa kumfungulia mlango.

USIKU WA TAREHE 10 APRILI 1934

Tablo ile iliteswa sana. Mwaka 1566, watu waliochukia sanamu walipovunja mambo ya makanisa, iliokolewa kwa kufichwa ndani ya munara. Mwaka 1794 waaskari wa Ufaransa walipeleka sehemu ya katikati mpaka Paris, na ilirudi mwaka 1815. Mwaka uliofuata, kanisa lenyewe liliuza milango mingi, na ile milango ikafika kwa mfalme wa Prusia, mjini Berlin. Kule waliipasua kwa msumeno, ili pande mbili za ubao zionekane kwa mara moja. Nyuma ya vita ya kwanza, Ujerumani ulipashwa kuirudisha Gent, kufwatana na mapatano ya Versailles.

Kwa sababu ya msumeno ule, ubao wa Waamuzi ulikuwa umekuwa mbao mbili: upande mmoja Waamuzi, upande mwingine Yoane Mbatizaji, aliyechorwa sawa sanamu ya jiwe.

Asubui ya tarehe 11 Aprili 1934, waliofungua kanisa walikuta mbao zile mbili hazipo. Mwizi aliacha karatasi moja iliyosema, kwa Kifransa, kama kitu hiki kilitoshwa kwa Wajerumani kwa mapatano ya Versailles.

Nyuma ya siku karibu 20, askofu wa Gent akapata barua. Mwandishi alitaka franka milioni 1 za Ubelgiji, na alitia sahihi ya herufi tatu tu: D.U.A. Majibu aliomba yatiwe katika matangazo madogo ya gazeti. Kuonyesha kama hasemi uongo, alituma tiketi ya fasi ya kuwekesha mizigo katika gare ya Kaskazini, mjini Bruxelles. Polisi walikwenda na tiketi ile. Walipewa furushi, na ndani yake Yoane Mbatizaji, muzima kabisa.

Kulibaki Waamuzi. Wakubwa walimtumia mwizi franka 25,000 tu, kwa mkono wa padri mmoja wa Antwerpen na shofere wa taksi asiyejua anabeba nini. Mwizi alikasirika. Barua ziliendelea, zote pamoja zilikuwa 13. Kiisha, kimya.

MTU ANAKUFA NA SIRI

Siku ya Mungu, tarehe 25 Novemba 1934, katika mji wa Dendermonde kulikuwa mkutano wa chama cha wakatoliki. Kulikuwa bwana mmoja wa Wetteren, Arsène Goedertier, mwenye kazi ya kuuza na kununua hisa za makampuni. Alikuwa mkristu aliyejulikana sana parokiani kwake, mtu wa kusaidia kazi za kanisa. Nyuma ya kusema mbele ya watu, alianguka. Moyo wake ulikuwa unaacha kazi.

Walimwita munganga. Yeye aliomba avoka wake, bwana Georges De Vos, na kuomba wabaki wawili tu. Alimwambia kama yeye peke yake njo anajua fasi tablo ya Mwana-Kondoo iko. Akaanza kueleza: katika biro yake ndogo, ndani ya kisanduku cha meza, ndani ya faili… Pumzi ikakwisha. Hakumaliza.

Avoka alikwenda Wetteren, akafungua meza. Alikuta kopi za barua zote za D.U.A. Alikuta tena barua moja isiyotumwa, na mule aliandika kama Waamuzi wako fasi ambayo yeye wala mtu mwingine hawezi kuwatosha bila kuonekana na watu wote.

Basi. Ni hayo tu. Fasi yenyewe hakuitaja.

Tena avoka na wakubwa wachache wa tribinali hawakuambia polisi mara moja. Walitaka kutafuta wenyewe kimya kimya, na karibu mwezi muzima ulipita. Alama za moto zikapoa.

Watu wengine wanasema Goedertier hakuiba yeye mwenyewe, ao hakuwa peke yake. Inawezekana. Lakini kama kulikuwa wenzake, nao wamekufa bila kufungua kinywa.

Tangu siku ile wanatafuta. Wamepima kuta na sakafu za kanisa, wamechimba, wamefungua mbao za nyumba. Wakati wa vita ya pili, Wajerumani walituma mtu maalumu, naye alirudi mikono mitupu. Komisere wa polisi wa Gent, bwana Karel Mortier, alifwatilia jambo hili miaka mingi, hata nyuma ya pensheni. Wanakuja watu wenye hesabu za maneno, wanakuja watu wa kushika pendule juu ya karte ya mji, wanakuja wale wanaosema wameonyeshwa. Mwaka 2018 mwandishi wa vitabu vya vijana, Marc de Bel, pamoja na mwenzake Gino Marchal, alisema tablo iko chini ya Kalandeberg, uwanja mdogo katikati ya Gent. Mpaka leo hakuna ubao uliotoka pale.

Hata roman kubwa imeguswa na jambo hili. Albert Camus, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1957, alichapisha La Chute mwaka 1956. Mule kuna bwana mmoja, zamani avoka wa Paris, aliyekimbilia Amsterdam. Waamuzi wa Haki amewafungia ndani ya kabati yake. Camus alielewa vizuri: mtu mwenye kosa asiyeungama anawafungia waamuzi wake, lakini analala nao nyumba moja.

WACHIMBAJI WALIOOKOA ZINGINE

Kuna sehemu moja ya hadithi hii ambayo ni yetu, sisi watu wa mine. Isiachwe.

Mwaka 1940, Wabelgiji waliogopa vita, wakapeleka tablo yote iliyobaki mpaka Pau, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1942 Wajerumani waliichukua. Mwaka 1944 waliificha ndani ya mlima, katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, nchi ya Austria. Mule ndani ya chumvi hewa haibadiliki sana, ni fasi nzuri ya kulinda tablo. Walikusanya humo zaidi ya tablo 6,000, walizonyanganya katika inchi mingi.

Aprili 1945, vita inakwisha, Ujerumani unashindwa. Gavana wa eneo lile, August Eigruber, alitaka mgodi uharibiwe, ili vitu visianguke katika mikono ya adui. Waliingiza masanduku 8 yaliyoandikwa kama ndani mna marumaru. Ndani ya kila sanduku mlikuwa bombe ya kilo 500.

Wachimbaji walipata habari. Mgodi ule ulikuwa mkate wa jamaa zao tangu wazee wa wazee wao, na ukipasuka, maji yanaingia, kazi imekwisha kwa watoto wote. Wakubwa wengine wa mgodi walikuwa pamoja nao. Usiku, mwanzo wa mwezi wa tano, walitosha masanduku yote 8 na kuyaweka inje chini ya miti. Kiisha wao wenyewe, kwa baruti kidogo na kwa ufundi wa kazi yao, walipasua milango ya mashimo tu, ili hakuna mtu aingie tena na bombe. Tarehe 8 Mei 1945 waaskari wa Marekani walifika. Walipofungua, Mwana-Kondoo alikuwa muzima.

Msomaji, wale hawakuwa waprofesa. Walikuwa watu wa taa na nyundo, sawa baba yako. Walilinda kazi yao na, pamoja nayo, walilinda mali ambayo haikuwa yao. Ukisikia mtu anasema mchimbaji hajui kitu cha thamani, mwelezee Altaussee.

NA NDOTO?

Utauliza: katika hadithi hii, ndoto iko wapi?

Mwezi wa ine wa mwaka 1521, mchoraji mkubwa wa Ujerumani, Albrecht Dürer, alipita Gent. Alionyeshwa tablo ya ndugu van Eyck na aliisifu sana. Miaka 4 nyuma, katika juma la Pentekoste la mwaka 1525, Dürer aliota ndoto ya kutisha: maji makubwa yanaanguka toka mbinguni, yanapiga udongo kwa kishindo, inchi inazama. Aliamuka, mwili muzima unatetemeka, na alikawia kupata nafsi yake. Asubui alifanya nini? Hakumfuata mpiga ramli. Hakumshitaki jirani. Alikamata rangi na karatasi, akachora maji yale kama alivyoyaona, akaandika chini maelezo ya ndoto yake, na mwisho akaweka yote katika mikono ya Mungu. Karatasi ile iko Vienna mpaka leo. Alifanya kazi na ndoto yake, akaiacha.

Katika Maandiko Matakatifu pia kuna mtu aliyeota. Yosefu, bwana yake Maria, anaitwa mtu mwenye haki. Aliota zaidi ya mara moja. Na kila ndoto ilimwambia nini? Usiogope kumchukua bibi yako. Simama, mchukue mutoto na mama yake. Rudi. Kila mara alitumwa kutunza jamaa yake, na kila mara aliamuka na kutenda. Hakuna hata ndoto moja iliyomwonyesha fasi feza imefichwa.

Hapa njo roman na Maandiko vinaachana. Katika roman, ndoto inafungua siri ambayo mtu alikufa nayo. Katika Gent, zaidi ya miaka 90 imepita, watu wameota, wamepiga pendule, wamefanya hesabu, na ubao haujaonekana. Ndoto haisemi kile mtu alikataa kusema.

SASA TUSEME JUU YETU

Namjua mama mmoja wa kampi. Bwana yake alifanya kazi katika mashimo miaka 26. Alikuwa mpole, hakunywa, hakupiga. Kitu kimoja tu: hakusema mambo yake. Kila mara bibi alipouliza, alijibu: «Usihangaike, iko fasi muzuri.»

Siku moja alitoka kazini, akaomba maji, akaketi, akafa. Mama alijua kama kuna karatasi ya kiwanja, na feza aliyowekesha kwa mtu. Fasi gani? Mtu gani? Hakujua. Ndugu za bwana walisema mama anaficha. Mama alisema ndugu wanaficha. Watoto walibaki katikati.

Kiisha wakamwambia kuna mtu wa kuombea anayeota. Mama alipeleka kuku, akapeleka kitenge, akapeleka feza ya masomo ya mutoto. Ule mtu alilala siku 3, akasema ameona: karatasi iko chini ya mti wa manga, nyuma ya nyumba. Walichimba upande huu, wakachimba upande ule, mpaka mizizi ikakatika. Hakukuwa kitu. Mti ulikauka. Mutoto alikosa mwaka wa masomo. Juu ya kiwanja leo kuna nyumba ya mtu mwingine.

Sisemi bwana yule alikuwa mwizi sawa Goedertier. Alikuwa mtu mwema. Lakini wote wawili walifikiri kitu kimoja: wakati ungalipo, nitasema kesho. Na wote wawili pumzi iliwaacha katikati ya neno.

Baba msomaji, wewe unayeshuka chini ya udongo, ao unayekaa karibu na moto wa shaba, ao unayechimba na mikono yako katika mashimo ya watu: kwa nini unangoja? Unaogopa bibi atakuuliza? Wacha akuulize ukingali muzima, unaweza kujibu. Kamata karatasi leo. Andika: nani ana feza yako, wewe una deni kwa nani, karatasi za kiwanja ziko wapi, nani amekuwekesha kitu ambacho si chako. Kama kuna mutoto inje ya nyumba, hata hilo liseme, ijapokuwa ni ngumu. Msomee bibi yako. Nakala moja mpe mtu mnayemwamini wote wawili.

Mama msomaji, na wewe pia. Likelemba unayocheza kwa siri, deni la soko, feza uliyomkopesha kaka yako: bwana asiyasikie kwa mara ya kwanza siku ya matanga.

Vijana, na ninyi. Kusoma roman si zambi. Someni, mapendo yana fasi yake katika vitabu. Lakini mkiwa mnachagua mchumba, msitafute yule anayeonekana katika ndoto. Tafuteni yule anayeweza kukuambia ukweli mchana. Kijana anayeficha mambo madogo wakati wa uchumba, ataficha makubwa katika ndoa.

Na kama moyo wako unabeba kosa zito, usingoje mpaka moyo uanguke. Goedertier alikuwa na siku 228 kati ya usiku wa wizi na kifo chake. Kila siku moja kati ya hizo ingetosha.

Katika kanisa la Gent, fasi ya Waamuzi haikuachwa wazi. Mchoraji Jef Van der Veken alitengeneza kopi wakati wa vita ya pili, na kopi ile njo inaonekana leo. Tangu mwaka 2012 mafundi wanasafisha tablo muzima, na walipotosha rangi ambayo watu walipaka juu katika karne ya 16, uso wa kwanza wa Mwana-Kondoo ulionekana tena, na macho yake yanamwangalia mtu sawasawa. Tangu mwaka 2021 tablo iko katika kapela ingine ya kanisa lile lile, ndani ya kioo kikubwa. Watu wa dunia yote wanapita mbele yake. Mwana-Kondoo anaangalia. Joos na Elisabeth wanapiga magoti pamoja. Na upande wa kushoto, waamuzi wa kopi wanakaa juu ya farasi, kwa sababu mtu mmoja alingoja kesho.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.

KWA MAZUNGUMZO KATIKA JAMAA

1. Joos na Elisabeth hawakupata mtoto, na walibaki pamoja. Katika jamaa yetu, tunawasaidia namna gani bibi na bwana wasio na mtoto? Tunawasumbua na nini?

2. Tukiota ndoto ya kutisha, tunafanya nini asubui? Tunafanya sawa Dürer, ao tunamtafuta mtu wa kumshitaki?

3. Wachimbaji wa Altaussee walilinda kitu kisicho chao. Katika kazi yetu na katika mtaa wetu, ni kitu gani cha wote tunaweza kulinda?

4. Baba na mama: karatasi yetu tutaiandika siku gani? Tajeni siku mbele ya watoto.